Mtu wa Theluji Aliyebaki Juu ya Paa

Jumamosi iliyopita nilikuwa naenda Edmonton, kaskazini mwa London, kumwona mama, na basi lilipofika Stamford Hill nikashuka, vituo vingi kabla ya changu. Nilishuka kwa sababu ya mlango.

Mlango wenyewe, rafiki yangu, hauna cha kutazamwa. Umepakwa kijivu, ile rangi wanayozipaka siku hizi nyumba walizozikata vipande vipande kuwa fleti, na kengele sasa ni sita badala ya moja. Lakini kwenye mwimo wa kulia, usawa wa bega la mtu mzima, kuna matundu mawili ya skrubu yaliyokaa mshazari. Fundi ameyajaza rangi, tena hakuyajaza vizuri. Hapo palikuwa na kikasha chembamba cha bati chenye kipande cha ngozi kilichoandikwa maneno ya Mungu, na kila aliyeingia alikigusa kwa ncha za vidole, kisha akavibusu. Hata mimi nilikigusa kwa kuruka, mtoto wa Kikongo wa miaka tisa, mlokole wa Tottenham, kwa sababu tu niliwaona wengine wakikigusa. Jumamosi iliyopita niliyagusa yale matundu bila kuruka. Kijana mmoja akatoka na baiskeli, akaniuliza kama natafuta mtu. Nikamwambia hapana. Haikuwa mara yangu ya kwanza kudanganya pale mlangoni.

Nikusimulie. Kuna jambo humu ambalo sijamwambia mtu hata mmoja, wala mume wangu, na nimechoka kulibeba.

Mama alikuwa mhudumu wa wazee. Tulikuwa tumetoka Bukavu, tukiishi chumba kimoja Tottenham, na barua ya Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji, iliyompa ruhusa ya kufanya kazi, ilikuwa imefika miezi michache tu iliyopita. Aliihifadhi ndani ya Biblia, na kila Jumapili alipoifungua Biblia kanisani aliitazama barua kwanza. Ajensi ikampa mzee mmoja Myahudi, mgane, mwalimu mstaafu wa sheria za dini yake, aliyeishi peke yake katika nyumba ile na vitabu vilivyopanda ukutani mpaka darini. Siku za wiki nilikuwa shuleni. Jumamosi hakukuwa na mtu wa kubaki nami, kwa hiyo mama alinichukua kazini, na hilo lilikatazwa kabisa.

"Usiguse kitu," aliniambia kila Jumamosi tukiwa kwenye basi. "Mutu akigonga, usifungue. Telefone ikilia, wacha ilie tu. Batu ba ofisi bakijua niko nakuleta huku, kazi imekwisha. Unasikia?"

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimesikia. Watoto wa London ndivyo tulivyo, tunasikia kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine. Kiswahili hiki unachokisoma nilikuja kukinyoosha ukubwani, kwa mume wa Morogoro ambaye mpaka leo ananicheka.

Mama alimwita Mzee, mbele yake na nyuma yake. Mwenyewe akauliza maana, akaambiwa, akasema ni bora kuliko walivyomwita hospitali. Mimi nikamwita Babu. Naye tulizungumza Kiingereza, lakini neno hilo moja alilizoea, na nikichelewa kulisema alinikumbusha kwa kukohoa.

Nyumba ilinukia karatasi kuukuu, vitunguu vya kukaanga na nta ya mishumaa. Jikoni kulikuwa na vyombo vya bluu vya maziwa na vyekundu vya nyama, na ole wako uvichanganye. Ijumaa kabla jua halijazama, mama aliandaa kila kitu cha kesho: alitandaza bati juu ya jiko lililoachwa likiwaka kidogo, akateleka juu yake sufuria ya maharage, shayiri, viazi na nyama, ichemke polepole mpaka Jumamosi mchana. Alijaza birika kubwa la umeme, akaifungua balbu ya friji isije ikawaka mlango ukifunguliwa, akakata hata karatasi za chooni. "Mungu yao iko na kazi mingi," alisema. Lakini yale maharage aliyala, akasema yanafanana na ya mama yake kasoro pilipili. Wiki ya tatu pilipili ikaingia. Babu akatokwa jasho, akanywa maji glasi mbili, akaomba aongezwe.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonipata. Siku ya Sabato Babu hakuruhusiwa kuwasha taa, wala kumwamuru asiye Myahudi amwashie. Jinsi alivyofundishwa na baba yake, aliweza tu kusema jambo lilivyo. "Chumba hiki kina giza," alisema akiangalia kitabu chake, na mama akawasha taa. "Miguu yangu inanikumbusha kwamba ni Januari," akasema, na mama akawasha hita. Kwangu ulikuwa mchezo mtamu kuliko yote. Nilijifunza kumsoma uso kabla hajafungua mdomo, nikawa bingwa wa kusikia yasiyosemwa, na nilijivuna.

Baada ya kula alinisimulia habari za marabi wa kale. Majina yao yalinishinda, nikawapa yangu. Kulikuwa na Mchungaji, aliyekuwa hajui herufi hata moja mpaka miaka arobaini, akaenda kukaa darasani na watoto wadogo, magoti yakigonga meza. Kulikuwa na Mkali na Mpole. Mgeni mmoja aliwaendea akitaka afundishwe sheria yote huku amesimama kwa mguu mmoja. Mkali akamfukuza kwa fimbo ya kupimia. Mpole akamjibu kwa sentensi moja, juu ya kutomtenda mwenzako usilotaka kutendwa, halafu akamwagiza akasome yaliyobaki. Niliisikiliza hadithi hiyo nimesimama kwa mguu mmoja kando ya friji, na Babu kwa makusudi akairefusha.

Na kulikuwa na Mwalimu wa Jeneza. Mji wao ulizingirwa na majeshi, walinzi hawakuruhusu mtu kutoka akiwa hai, basi wanafunzi wakamlaza mwalimu wao ndani ya jeneza na kumbeba mpaka nje ya lango. Akaokoka, na elimu ikaokoka pamoja naye. Hiyo niliipenda kwa sababu zangu. Chini ya ngazi za Babu kulikuwa na kabati la ufagio na makoti, na mtu wa ofisi akija, humo ndimo nilimotakiwa kujificha. Babu aliliita jeneza langu.

Alikuja kweli siku moja, msimamizi wa ajensi, bila taarifa. Niliingia kabatini nikaziba mdomo kwa kofia ya Babu. Nilisikia viatu vyake vikipita karibu na uso wangu, nikasikia kalamu ikiandika. Akauliza kwa sauti ya juu, kama wanavyozungumza na wazee wote, kama kuna mtu mwingine ndani ya nyumba mbali na mhudumu. Babu hakuwa mtu wa kusema uongo. Akasema, "Bibi, nyumba hii imejaa watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita, na wote wanabishana." Msimamizi akacheka, akafunga faili. Mama akaja kunifungulia, na wiki nzima hakulala vizuri. Nami nikajua kwa hakika kwamba maisha yetu yote yamening'inia kwenye mlango wa kabati lile.

Wakati fulani nilimuuliza Babu juu ya kuomba msamaha, kwa kuwa shuleni nilikuwa nimegombana na rafiki. Akaniambia wana siku kuu ya toba, lakini siku hiyo haifuti ulichomkosea mtu mpaka umwombe yeye mwenyewe. Akikataa, rudi tena. Akikataa, rudi mara ya tatu.

"Na kama amekufa?"

"Unachukua watu kumi, mnasimama kaburini kwake, unasema mbele yao ulichomfanyia."

"Kwa nini kumi?"

Akafikiri. "Ili usiweze kunong'ona."

Hadithi ya mwisho ilikuwa ya Mtu wa Theluji. Maskini huyo alifanya vibarua mchana na kusoma kwa marabi wawili wakubwa. Ijumaa moja ya baridi kali hakupata kibarua, akakosa cha kumpa bawabu wa chuo, bawabu akamzuia. Akapanda juu ya paa, akalala kifudifudi juu ya dirisha la paani, asikilize masomo kutokea huko. Jua likazama, Sabato ikaingia, theluji ikaanza kuanguka. Yeye alikuwa amezama katika maneno ya walimu wake, hakuhisi. Theluji ikamfunika miguu, ikamfunika mgongo, ikamfunika kichwa.

Babu akafunga kitabu. "Wiki ijayo," akasema.

Alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kukata hadithi pale inapouma, ili nirudi nayo nikiwa na njaa. Nilimsihi. Nilimuuliza kama atakufa. "Wiki ijayo," akarudia, anacheka. "Theluji haina haraka." Nikakaa wiki nzima na mtu yule juu ya paa. Alhamisi theluji ikaanguka London kweli, na nilipochungulia dirishani Tottenham niliyatazama mapaa ya fleti za jirani moja moja.

Jumamosi ikafika. Saa saba mama akavaa koti. Ajensi ilikuwa imempa bibi mwingine mitaa miwili mbele, wa kumlisha chakula cha mchana, nusu saa tu. Akanirudia yale yale: usiguse, usifungue, wacha ilie. Mlango ukafungwa. Tukabaki mimi na Babu na maharage.

Kilianguka kijiko kwanza. Babu akautazama mkono wake wa kulia kama vile ni wa mtu mwingine. Kisha akaanza kuteleza kutoka kitini, polepole, akivuta kitambaa cha meza, na sahani nyekundu ikashuka naye. Nilipopiga magoti kando yake, nusu ya mdomo wake ilikuwa imeshuka.

"Babu, unataka nini?"

Ikatoka sauti, haikuwa neno. Na mimi, usinicheke, nikangoja. Nilingoja aseme jambo lilivyo, kama kila Sabato. Chumba kina giza. Miguu ina baridi. Chochote, nikifanye. Nikamfunika kwa koti langu la shule, nikaweka mto chini ya kichwa chake, nikarudi kungoja.

Hakuweza kusema. Lakini macho yake yakaenda ukumbini, kwenye simu iliyotundikwa ukutani. Yakarudi kwangu. Yakaenda tena kwenye simu. Yakarudi kwangu, yakakaa.

Rafiki yangu, hapa ndipo penyewe. Nilikuwa bingwa wa kusikia yasiyosemwa, na hilo nililisikia. Namba ya dharura niliijua, tulifundishwa shuleni kwa wimbo. Nilisimama, nikafika ukumbini, nikauweka mkono wangu karibu kabisa na simu. Sikuwaza Sabato hata kidogo. Niliwaza kwamba wataniuliza mimi ni nani, nimo humo kwa ruhusa gani, na aliyeniacha ni nani. Niliona viatu vya msimamizi. Niliiona barua ya Croydon ikitolewa ndani ya Biblia ya mama. Nikaurudisha mkono, nikarudi kuketi sakafuni, nikamshika Babu mkono wake wa kushoto, na hakuyarudisha tena macho yake kwenye simu. Alinitazama tu.

Saa ya ukutani ikagonga nusu. Mama hakurudi, theluji ilikuwa imezuia kila kitu. Niliomba kwa Yesu, nikaomba kwa Mungu wa Babu, nikiwa sijui kama ni mmoja. Nje hakukuwa na sauti hata ya gari. Mkono wa Babu ukaanza kulegea ndani ya wangu. Saa ikagonga nane.

Ndipo nikasikia watoto wakicheka barabarani. Nikakimbia, nikafungua mlango uliokatazwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwenye joho jeusi la hariri na kofia kubwa ya manyoya aliyoivika mfuko wa plastiki kwa ajili ya theluji, na wanawe wawili nyuma yake.

"Babu ameanguka," nikasema.

Hakuniuliza mimi ni nani. Alinipita, akamwona Babu, akarudi ukumbini kwa hatua mbili, akanyakua simu ukutani na kubonyeza namba. Siku ya Sabato, mchana kweupe, mbele ya wanawe, bila kupepesa. Alitaja anwani, akataja kiharusi, akataja umri. Mimi nilikuwa nimeduwaa. Mwanawe mdogo, labda umri wangu, akaniangalia kama mtu anayeshangaa kwamba hujui siku za wiki.

"Inaruhusiwa," akasema. "Ni lazima."

Jirani akaniuliza kwa upole Babu ameanguka saa ngapi. Nikamwambia. Akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama. Mama akaingia wakati wanambeba Babu kwenda kwenye gari la wagonjwa, theluji mpaka magotini, akanikamata mabega.

"Ulikuwa unangoja nini, mutoto wangu? Ulikuwa unangoja nini?"

Maneno ya yule mtoto yalikuwa bado masikioni mwangu, na nikashika kilichokuwa karibu.

"Ni Sabato, Mama."

Mama akaketi kwenye ngazi, akalia. Jirani akavua kofia yake, akaishika mkononi. Wote wawili waliniamini.

Ajensi walijua siku hiyo hiyo, na barua ya kumfukuza mama kazi ikaja kabla wiki haijaisha. Kile nilichokuwa nakilinda kikaenda pia. Mama alipata kazi ya usafi kwenye ghala Edmonton, akaniambia kazi si mtu, zitakuja nyingine, na hakunilaumu hata siku moja. Nilitamani angenichapa.

Babu hakufa. Walimhamishia kwenye nyumba ya wazee, mkono wa kulia umekufa, ulimi mzito. Yeye aliyefungua kurasa siku nzima sasa alifunguliwa na wengine. Kwa muda mrefu nilikataa kwenda kumwona, nikisingizia tumbo. Kabla ya siku yao ya toba mama akanivuta kwa nguvu, tukaenda na zabibu. Alikuwa karibu na dirisha. Aliponiona akakohoa, na mimi nikasema, "Babu."

Akamalizia hadithi. Ilimchukua muda, mate yakimtoka, mama akimpangusa. Alfajiri ya Sabato wale marabi wawili walishangaa kwa nini chumba kina giza, wakatazama juu, wakaona umbo la mtu kwenye dirisha la paani. Wakapanda wenyewe, wakamfukua, wakamwosha, wakampaka mafuta, wakawasha moto na kumweka mbele yake. Walimu wakubwa wa sheria waliivunja Sabato kwa mikono yao wenyewe, na hawakusita.

"Mama yako ameniambia ulichongoja," akasema. Kisha akanieleza sheria ya mwisho aliyonifundisha. Uhai unapokuwa hatarini, mtu hasimami kuuliza kama inaruhusiwa. Akisimama, aibu si yake peke yake. Aibu ni ya mwalimu wake, ambaye hakumfundisha mapema. "Nilikufundisha yote yaliyokatazwa. Hili nililiweka kwa wiki ijayo, kwa sababu nilipenda ulivyokuwa unaniomba." Akaninyooshea mkono wa kushoto. "Nimekukosea. Unanisamehe?"

Nikamtazama mama.

"Mwambie Mzee ndiyo," mama akasema, analia.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Babu." Akafumba macho, uso ukatulia upande ule uliokuwa bado wake. Akafa kabla ya baridi kuingia. Wao huzika upesi, tulipata habari ameshazikwa.

Jumamosi iliyopita nilipofika Edmonton, mama alikuwa anawasimulia wanangu, maana ni hadithi anayoipenda kuliko zote. "Mama yenu alikuwa mutoto kama nyinyi, lakini alishika Sabato ya Mzee kuliko Wayahudi." Wanangu wakanitazama kwa macho ya upendo, wakasema kwa Kiingereza kwamba nilikuwa mtoto mzuri sana. Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa tayari safi.

Vyombo vya bluu na vyekundu sijui vilikwenda wapi. Vitabu walivichukua jamaa zake. Kabati la chini ya ngazi nadhani sasa ni choo cha fleti ya mtu. Siku hizi kwenye vituo vya basi kuna mabango yanayoeleza dalili za kiharusi, mdomo kushuka, mkono kulegea, na chini yameandikwa kwamba kila dakika ina maana. Zangu nilizihesabu kwa saa iliyogonga.

Kaburi lake lipo nje kidogo ya mji, na basi la kwenda nalijua. Watu kumi ndio sina. Ningemwanzia nani, mama? Kwa hiyo nimeandika. Wewe ni mmoja. Kama wapo wengine tisa wanaosoma haya, sogeeni, simameni nami hapa, nisiweze kunong'ona.

Babu, uliitazama simu, kisha ukanitazama mimi. Nilikuelewa.